Kila Mmoja Alidhani Mwenzake Yuko Macho

Tarehe 18 Machi 2018, ilipokaribia saa nne za usiku, mama mmoja wa miaka 49 alikuwa akivuka barabara ya Mill Avenue katika mji wa Tempe, jimbo la Arizona, Marekani. Alikuwa anasukuma baiskeli iliyoning'inizwa mifuko ya plastiki. Hakupitia kwenye kivuko. Kivuko cha karibu kilikuwa mbali, zaidi ya mita 100. Gari aina ya Volvo likaja kwa mwendo wa karibu kilomita 70 kwa saa, likamgonga, naye akafa. Lilikuwa gari la majaribio la kampuni ya Uber, na wakati huo lilikuwa linaendeshwa na kompyuta. Kulikuwa na mtu kwenye kiti cha dereva, lakini kazi yake ilikuwa kuangalia tu, na kushika usukani pakitokea hatari. Huyo mama ndiye mtembea kwa miguu wa kwanza duniani anayejulikana kuuawa na gari linalojiendesha.

Nimewachagulia wasomaji wa Kasese na Bwera kisa hiki kwa sababu ya ile baiskeli. Anayeifahamu njia ya kutoka Kikorongo hadi Mpondwe hahitaji maelezo marefu. Siku za soko watu husukuma baiskeli zilizoelemewa na mikungu ya matoke, magunia ya makaa na mizigo ya kuvushwa Kongo, na huvuka barabara pale wanapoona panavukika. Vivuko vilivyochorwa ni vichache, na jioni giza huingia watu wangali njiani. Tempe ni mji wenye barabara pana, taa na mistari iliyochorwa vizuri. Kama kompyuta ilishindwa kumwelewa mtu mmoja mwenye baiskeli moja kule, tuna haki ya kuuliza ingefanya nini Bwera saa moja ya jioni.

Magari hayo hayajafika kwetu. Lakini yale mazoea yaliyomwua mama yule tunayo tayari, na kila aliyewahi kuketi nyuma ya usukani, nami nikiwemo, angeweza kuangukia humo humo.

Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, ijulikanayo kwa kifupi kama NTSB, ilichunguza ajali hiyo na kukamilisha kazi Novemba 2019. Ukiisoma habari hiyo moyo unauma, maana vyombo vya gari vilimwona mama yule mapema kabisa. Sekunde 5.6 kabla ya kumgonga, rada ilikuwa imeshanasa kwamba kuna kitu mbele. Kwa mwendo ule, sekunde hizo ni zaidi ya mita 100 za barabara. Dereva wa kawaida aliye macho, ukimpa mita 100, anasimama na nafasi inabaki.

Kilichoshindikana ni kuelewa kinachoonekana. Kompyuta kwanza ilimhesabu kuwa gari, kisha kitu kisichojulikana, kisha baiskeli, na ikawa inayumba kati ya majina hayo. Kila ilipobadili jina ilifuta kumbukumbu ya alikotoka, hivyo haikuweza kukisia anakoelekea. Waliounda programu ile hawakuwa wameipa uwezo wa kumtambua mtu anayevuka mahali pasipo na kivuko. Kwa programu hiyo, mtu wa namna hiyo hakuwepo duniani. Zikiwa zimebaki sekunde 1.2, ikatambua kwamba itagonga. Hata hapo haikupiga breki. Wahandisi walikuwa wameiagiza ingoje sekunde nzima kwanza, kwa sababu gari lilikuwa na tabia ya kushtuka na kufunga breki bila sababu. Sekunde ile ilipokwisha, muda nao ulikuwa umekwisha.

Kuna jambo jingine ambalo mimi naliona zito kuliko yote. Volvo ile ilitoka kiwandani na mfumo wake wenyewe wa breki ya dharura. Uber waliuzima kila kompyuta yao iliposhika gari, ili mifumo miwili isivurugane. Baadaye Volvo walijaribu kwenye kompyuta namna 20 tofauti za tukio lile mfumo wao ukiwa umewashwa. Katika 17 gari lilisimama kabla ya kumfikia mama, na katika tatu zilizobaki lingemgonga likiwa limepunguza mwendo sana. Kinga ilikuwemo ndani ya gari, na mkono wa binadamu ndio ulioizima.

Na yule aliyeketi kwenye kiti cha dereva? Kamera ya ndani ilionyesha kuwa kwa zaidi ya theluthi ya safari macho yake hayakuwa barabarani. Polisi walisema simu yake ilikuwa ikionyesha kipindi cha televisheni. Aliinua uso karibu sekunde moja kabla ya mgongano, na breki alizikanyaga baada ya kumgonga.

Ni rahisi kumlaani. Tafadhali tusifanye haraka. Mtu huyo alikuwa amewekwa peke yake usiku, kwenye njia aliyoizunguka mara nyingi, ndani ya gari ambalo siku nyingi lilijiendesha vizuri bila msaada wake. Binadamu hawezi kukesha akiangalia kitu kisichomhitaji. Wewe ungesinzia, au ungeshika simu, nami vivyo hivyo. Wale waliomweka pale walipaswa kulijua hilo, na kuna dalili kwamba walilijua.

Hizo dalili ndizo ninazotaka tuzitazame kwa makini, maana ajali ile ilibisha hodi muda mrefu kabla ya kuingia.

Hodi ya kwanza ilikuwa Desemba 2016. Uber waliingiza magari yao ya majaribio katika barabara za San Francisco, jimbo la California, bila kuchukua kibali kinachotakiwa na jimbo hilo. Gari moja likaonekana likipita taa nyekundu. California ikafuta usajili wa magari 16. Kampuni ilikuwa na nafasi ya kutulia, kuomba kibali na kujirekebisha. Badala yake magari yakapakiwa kwenye lori yakapelekwa Arizona, ambako gavana aliyapokea kwa mikono miwili na kusema hadharani kwamba jimbo lake halina urasimu. Gavana huyo alikuwa ametoa amri mwaka 2015 ya kuruhusu majaribio bila masharti mazito. Hakuna ofisi iliyopewa kazi ya kuuliza: kompyuta hii inajua nini kuhusu mtu anayevuka usiku? Anayekimbia mahali penye maswali akaenda pasipo na maswali amekwisha kujieleza, na mwenyeji anayempokea inampasa ashtuke.

Hodi ya pili ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2017. Awali kila gari lilikuwa na watu wawili, mmoja wa kutazama barabara na mwingine wa kufuatilia kompyuta. Kampuni ikampunguza mmoja. Aliyebaki hakuwa na wa kumwambia weka simu chini. Kamera ya ndani ilikuwepo na ilirekodi, ila picha zake zilikaguliwa kwa nadra.

Hodi ya tatu ilikuwa ajali ndogondogo. Kati ya Septemba 2016 na Machi 2018 magari ya majaribio ya Uber yalikuwa yamehusika katika migongano 37 yakiwa yanaendeshwa na kompyuta. Ni haki kusema kwamba mingi kati ya hiyo ilisababishwa na magari mengine kuwagonga wao. Lakini siku tano kabla ya kifo cha Tempe, meneja mmoja wa ndani aliwaandikia wakubwa wake barua pepe. Aliwaambia kwamba magari yanaharibika mara kwa mara, kwamba waendeshaji hawana mafunzo ya kutosha, na akaomba watu wawili warudishwe katika kila gari na idadi ya magari barabarani ipunguzwe sana. Siku tano! Barua ilikuwa imefika, wenye mamlaka ya kusimamisha walikuwepo, na magari yaliendelea kuzunguka.

Hata barabara yenyewe ilikuwa na neno la kusema. Katikati ya Mill Avenue, pale alipotokea mama yule, palikuwa na njia iliyotandazwa matofali ikimwalika mtu apite, na kando yake kibao kinachomkataza kuvuka. Waliojenga walikaribisha na kukataza mahali pamoja. Nasi tunazo sehemu za aina hiyo, ambapo lango la soko au shule linafunguka moja kwa moja kwenye lami.

Ukiziunganisha dalili hizo unaona ugonjwa mmoja. Dereva alitulia kwa sababu kompyuta ipo. Waliounda kompyuta walitulia kwa sababu dereva yupo. Kampuni ilitulia kwa sababu serikali imeruhusu, na serikali ikatulia kwa sababu kampuni ina wataalamu. Ni kama walinzi wanne wa boma moja, kila mmoja akijilaza kwa kuamini kwamba wenzake watatu wako macho. NTSB walipokwenda kukagua, walikuta idara hiyo ya Uber haikuwa hata na mpango rasmi wa usalama wakati wa ajali.

Baada ya kifo, lawama ilitafuta wa kumwangukia, na kama kawaida ilianza na aliyekufa. Siku chache za mwanzo, mkuu wa polisi wa Tempe alisema ingekuwa vigumu kuiepuka ajali ile, kwa vile mama alitokea gizani. Miezi mitatu baadaye polisi hao hao waliandika kwamba ingeweza kuepukika kabisa kama mwendeshaji angekuwa anatazama mbele. Mwaka 2019 mwendesha mashtaka akasema haoni msingi wa kuishtaki kampuni kwa kosa la jinai. Mwendeshaji peke yake ndiye aliyefikishwa mahakamani. Julai 2023 alikiri kosa la kuhatarisha maisha, akapewa miaka mitatu ya uangalizi. Wahandisi walioagiza breki ingoje, na waliompunguza mtu wa pili, hawakuitwa na jaji yeyote. Sheria ilimtafuta dereva, ikamshika aliyefanana na dereva.

Sasa turudi nyumbani. Usiku wa tarehe 2 Februari 2021, katika barabara ya Kasese kwenda Fort Portal, magari kadhaa yaligongana, moja likiwa limebeba maiti ya kwenda kuzikwa pamoja na waombolezaji. Msalaba Mwekundu ulihesabu watu 32 waliokufa. Hapakuwa na kompyuta pale, madereva walikuwa binadamu watupu. Na kwa hesabu ya polisi, mwaka 2024 watu 5,144 walikufa katika ajali za barabarani nchini Uganda. Siku atakapokuja mtu akatuambia ana gari lisilolewa, lisilosinzia na lisilokimbizana na wenzake kutafuta abiria, sisi tuliozika ndugu zetu tutatamani kumwamini. Tamaa hiyo si ya kijinga. Kampuni ya Waymo, inayoendesha teksi zisizo na dereva katika miji kadhaa ya Marekani, inatoa takwimu zinazoonyesha kwamba magari yake huumiza watu wachache kuliko madereva wa kawaida. Hata hivyo, mwaka 2025 ililazimika kurekebisha programu yake baada ya magari kuyapita mabasi ya shule yaliyosimama kushusha watoto. Huzuni yetu isitufanye tupokee kitu bila kukiuliza maswali. Mji wa Tempe nao uliahidiwa usalama.

Na maswali ya kwetu si yale ya Arizona. Mashine hizi hufundishwa kwa picha nyingi mno, ambazo lazima mtu akae aziwekee alama: huyu ni mtu, hii ni baiskeli, huu ni mti. Vijana wa Nairobi na Gulu wamefanya kazi hiyo kwa miaka, wakichora mipaka kuzunguka watembea kwa miguu wa nchi ambazo wengi wao hawajawahi kuzikanyaga. Barabara yetu wenyewe haimo humo kwa wingi. Nani ameifundisha kompyuta kuhusu tembo anayevuka lami karibu na Kikorongo? Au msafara wa mazishi unaotembea kwa miguu ukiwa umejaza upande mmoja wa barabara? Au bodaboda iliyobeba mabati marefu kuliko upana wa gari? Pale Mpondwe kuna jambo la ziada: Uganda tunapita kushoto, Kongo wanapita kulia, na kati yake kuna mpaka wenye watu, mikokoteni na malori yanayobadili upande. Dereva wa lori hupita pale kwa kutazamana na wenzake, kwa ishara ya mkono, kwa kupiga honi kidogo. Sijui mashine ya kuisoma lugha hiyo ya macho, wala sidhani tunapaswa kukubali ije kujifunzia kwenye miili ya watu wetu.

Nilisema mazoea yale tunayo tayari. Tazama magari yaliyotumika yanayotoka Japani. Tangu mwaka 2018 Uganda hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, kwa hiyo yanayokuja sasa ni ya kizazi kipya. Mengi yana kamera ndogo juu ya kioo cha mbele, inayosaidia gari kupiga breki lenyewe au kuonya likiacha mstari. Subaru kwa mfano walianza kuuza mfumo wao wa EyeSight huko Japani mwaka 2008. Ni msaada mzuri unapofanya kazi. Lakini barabarani jiwe likiruka kutoka kwenye gurudumu la lori la saruji likavunja kioo, fundi anaweka kingine, gari linaondoka. Kamera ile ilitakiwa kupimwa upya na vifaa maalumu, maana ikipinda kidogo tu inaona barabara mahali isipo. Taa ya njano inawaka kwenye dashibodi, maandishi ni ya Kijapani, mwenye gari anauliza, anaambiwa hiyo haina shida. Na matope au mvua kubwa ikiziba kioo, kamera inapofuka.

Ndugu yangu, taa hiyo ndiyo hodi. Usiizoee. Ukinunua gari lenye mfumo huo, muulize muuzaji kama unafanya kazi, na kama hajui, endesha ukijua kwamba haufanyi. Ukibadilisha kioo, uliza habari ya kamera kabla ya kulipa. Anayekuazima gari akikuambia hili linajifunga breki lenyewe, shukuru, kisha weka mguu wako pale pale ulipokuwa siku zote. Mguu uliozoea kusaidiwa husahau kazi upesi, na siku msaada usipokuja mwenye mguu huwa wa mwisho kujua.

Upande wa serikali, Sheria yetu ya Trafiki na Usalama Barabarani ni ya mwaka 1998. Imefanyiwa marekebisho, lakini kila mahali inamfikiria dereva: mtu mwenye leseni, anayeweza kupimwa ulevi, anayeweza kusimamishwa na kuulizwa jina. Gari lisilo na mtu huyo likimwua mwenye baiskeli mjini Bwera, askari wa trafiki ataandika jina la nani? Swali hilo lijibiwe Bungeni kabla ya gari kushushwa bandarini. Tumeshaona hasara ya kuanza kwanza na kueleza baadaye. Juni 2025 mfumo wa kamera za kutoza faini moja kwa moja ulianza kutumika, watu wakaanza kupokea faini bila kuelewa mipaka ya mwendo iliyowekwa wapi, malalamiko yakajaa, na mwezi huo huo serikali ikausimamisha. Kosa la kamera ni la fedha, hurekebishika; la gari linaloua halirekebishiki.

Kuna tukio moja zaidi la kulijua. Tarehe 2 Oktoba 2023, mjini San Francisco, gari lililokuwa na dereva binadamu lilimgonga mwanamke mmoja likamrusha mbele ya teksi isiyo na dereva ya kampuni ya Cruise. Teksi ilimgonga, ikasimama, kisha ikajisogeza kando ya barabara huku ikimburuta chini yake kiasi cha mita sita. Ilikuwa imepangwa hivyo: baada ya ajali, jitoe njiani. Haikujua kwamba mtu yuko chini. Wakuu wa zimamoto wa mji ule walikuwa wamelalamika kwa miezi kwamba teksi hizo huziba njia za magari ya dharura, lakini mwezi Agosti mamlaka za jimbo zikaruhusu zitoze nauli mchana na usiku. Baada ya ajali, kampuni haikuwaeleza wakaguzi waziwazi habari ya kuburutwa. California ikasimamisha ruhusa yake ndani ya mwezi huo wa Oktoba, na mwaka 2024 Cruise ilikubali kulipa faini kwa kutoa ripoti ya uongo. Mwisho wa mwaka huo General Motors, wenye kampuni, waliacha kuigharimia teksi hiyo.

Ukweli ulipatikana kwa sababu gari lilikuwa na video, na serikali ya jimbo ilikuwa na nguvu ya kuidai. Kwa hiyo madiwani wetu wa Kasese na Mpondwe-Lhubiriha, na wabunge wetu, siku watakapoletewa karatasi za majaribio zenye picha nzuri, waanze na jambo hilo: siku ya ajali, kumbukumbu za gari zitakuwa mikononi mwa nani, na polisi wa Bwera watazipata baada ya saa ngapi? Kama jibu ni kwamba zinakaa kwa kampuni ng'ambo hadi itakapopenda kuzitoa, wasitie saini.